Viti Vitatu Upande wa Jua

Kabla timu haijaanzisha abonema ya familia, tiketi ya msimu mzima, wadogo zangu walikuwa wakiingia uwanjani kwa mikono ya watu wasiowajua. Kila aliyekulia Bujumbura ameifanya desturi hiyo au amefanyiwa. Mtu mzima mwenye tiketi anaruhusiwa kumwingiza mtoto wake bure, basi watoto wasio na pesa hukaa karibu na mlango na kumvuta shati kila anayepita. "Papa, nishike mukono. Papa, unipitishe." Ukimshika, mlinzi anajua kwamba si wako, na wewe unajua kwamba anajua, lakini wote mnapita kwa nyuso za watu wa nyumba moja. Ndani mtoto anakuachia mkono na kupotea.

Mimi nilikuwa nimepita umri wa kushikwa mkono, na tiketi ya mtu mzima sikuiweza. Nilibaki nje, nimeegemea ukuta, nikisikiliza kelele. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, aliingia na mtu huyu; mdogo wetu wa kike, mwenye minane, aliingia na mtu yule; kila mmoja akaangukia upande wake wa uwanja. Jumapili moja yule wa kike hakutoka. Watu waliisha, jua likazama, nasi tukazunguka ukuta mzima tukimwita. Tulimkuta kwenye mlango wa upande wa pili, amekaa na mama muuza karanga aliyekuwa akifunga mzigo wake.

"Ni wako?" yule mama akaniuliza.

"Ni wangu."

"Basi umushike. Mutoto wa kike haachwe na mikono ya watu."

Nilimbeba mgongoni mpaka kwetu Mutakura. Njiani niliapa kwamba hataingia tena kwa mkono wa mtu. Lakini kumkataza mpira sikuweza, na lazima nieleze kwa nini.

Baba alitutoka nikiwa mwaka wa nane wa shule. Niliacha masomo, nikaingia katika duka la vitambaa katika mtaa wa Asiatique, kubeba majora na kupima mita. Mama aliendelea kuuza lengalenga katika soko la Mutakura, redio ndogo ikiwa katikati ya mafungu ya mboga. Alikuwa mshabiki wa timu ile kuliko wanaume wengi wa mtaa, lakini uwanjani hakuwahi kukanyaga. Alisema tiketi moja ni sufuria ya maharage, na nani atakula kelele? Wakati wa mvua naye aliugua, na kabla mvua hazijaisha tukamzika. Nikabaki na wadogo zangu katika vyumba viwili vya kupanga.

Tangu siku ile ya maziko, yule wa kike aliacha kucheka. Hakulia pia, na hilo lilinitisha zaidi. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, akalala. Kitu kimoja tu alikiomba kwa mdomo wake mwenyewe, nacho kilikuwa mpira. Nadhani alikuwa akiifuata ile redio.

Kwa hiyo nilipomsikia mteja dukani akisema kwamba timu imeweka abonema ya familia kwa msimu mzima, mzazi na watoto, kwa malipo ya kidogo kidogo kila mwezi, niliacha mita juu ya kitambaa nikamwomba arudie. Viti vilikuwa vimebaki vitupu mwaka mzima, alisema, na viongozi wameona ni afadhali vijae watoto. Mtoto atalipa karibu na bei ya karanga.

Jumamosi nilikwenda ofisini kwao. Kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani, na kijana wa kuandika.

"Abonema ya mutu moja ao ya familia?"

"Ya familia."

"Mwite papa wako basi."

"Papa ni mi, mama."

Akanitazama juu ya miwani. "We? Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Na watoto?"

"Wawili. Wa kiume iko na kumi na mbili, wa kike iko na nane."

Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akamgeukia kijana. "Uyu alianza mapema kushinda Bujumbura yote!" Wakacheka mpaka kijana akaangusha kalamu, nami nikacheka nao. Kisha nikawaambia. Kicheko kikaisha. Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake.

"Pole sana, mwanangu. Lakini apa wameandika muzazi. Kama muzazi haiko, mutu mukubwa aje asimame kwa ajili yako."

Nilimwambia tajiri wangu. Ni mzee wa familia ya Waarabu wa Oman, babu yake aliuza nguo katika mtaa uleule, na si mtu wa kutoka dukani ovyo. Alimaliza sala ya alasiri, akavaa kofia yake, akaja na mimi kwa miguu.

"Mama, unatafuta muzazi?" alimwambia yule mama wa ofisi bila hata kukaa. "Uyu anapika, anafua, anapeleka watoto shule mbele ya kufungua duka yangu. Mi niko na watoto sita, na wallahi sijui hata mumoja anavaa kiatu namba ngapi. Sasa kati yetu wawili, muzazi ni nani?"

"Andika," mama akamwambia kijana.

Ilikuwa kadi moja, ngumu kama ya benki, yenye picha tatu ndogo na neno familia juu yake. Sikuwa nimewahi kuwa na karatasi yoyote ya mji huu iliyotuweka sisi watatu pamoja. Shuleni wadogo zangu waliandikwa kila mmoja kivyake, na mwenye nyumba alinijua mimi peke yangu. Usiku wa kwanza mdogo wangu wa kiume alilala nayo chini ya mto, na asubuhi ilikuwa imemwachia alama shavuni.

Familia walikuwa wamepewa upande wa jua, usio na paa, ule uliokuwa ukibaki mtupu. Jua la saa tisa linakupiga usoni hadi kipindi cha pili. Akina mama walikuja na miavuli, na vita vya kwanza vya msimu havikuwa vya uwanjani.

"Mama, shusha mwavuli! Mi nililipa kuona mpira, siyo kuona mwavuli!"

"Ulilipa ngapi? Bei ya mutoto! Nyamaza basi kama mutoto!"

"Na kama wanafunga goli?"

"Nitakuambia, bwana. Niko naona muzuri sana kwa niaba yako."

Yule mwenye mwavuli mkubwa kuliko yote alikaa mstari wa mbele yetu pamoja na wajukuu wake. Alikuwa akituachia kivuli kidogo. Katika mechi ya pili au ya tatu, mshambuliaji wetu aliangushwa waziwazi, na mwamuzi akaonyesha kwamba mchezo uendelee. Mdogo wangu wa kike akasimama juu ya kiti. Sauti iliyotoka sikuijua.

"Arbitri! Nunua miwani!"

Mstari mzima uligeuka. Mama wa mwavuli akapiga makofi: "Uyu mutoto anasema ukweli! Tumuchangie arbitri miwani!" Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho nilisikia chake, kile nilichokuwa sijakisikia tangu tumzike mama. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba.

Tangu hapo hatukukosa mechi ya nyumbani. Siku ya Jumapili tulitoka Mutakura mapema, tukiwa tumeshakula, kwa sababu ndani hatukununua kitu. Mlinzi alitazama picha, akatutazama sisi, akasema piteni. Wiki nzima ilikuwa na mahali pa kwenda. Mdogo wangu wa kiume alifanya hesabu za shule Ijumaa ili Jumapili iwe huru. Yule wa kike alikuwa akiimba wakati wa kuosha vyombo, nyimbo za mashabiki, baadhi zikiwa na maneno niliyolazimika kuyabadilisha. Watu wenye pesa wanaweza kudhani abonema ya bei nafuu ni njia ya kujaza viti. Kwetu ilikuwa njia ya kuishi Jumatatu hadi Jumamosi.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika.

Kwetu Burundi, mtu akifa, kilio hakiishi makaburini. Familia inakivaa hadi siku ya kukivua mbele ya watu, ile tunayoiita kuganduka, na mara nyingi huwa baada ya mwaka. Kabla ya hapo hakuna harusi nyumbani, hakuna kucheza ngoma. Mimi niliyashika hayo yote. Nilikataa mialiko. Rafiki yangu alioa nikamtumia pole badala ya kwenda, akanicheka. Redio ya mama niliifunga kitambaani. Lakini mpira sikuuhesabu. Haikunijia hata kidogo kichwani kwamba mpira ni sherehe. Kwangu, sherehe ni mahali unapokwenda ukiwa tayari na furaha.

Kuganduka kwa mama kulifanyika uani kwetu, katikati ya msimu wa mpira. Tulikodi viti na turubai, kreti za bia zikapangwa ukutani. Kutoka mlimani, kama tunavyokiita kijiji cha asili, alikuja baba mkubwa, kaka wa baba yangu, na kutoka Ruziba akaja shangazi. Baba mkubwa ndiye aliyesimama kusema, kwa Kirundi, nami nayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

"Leo tunavua kilio cha mke wa mdogo wangu. Mwaka mzima tumekivaa. Binti yangu alikuwa aolewe, nikamwambia ngoja. Lakini nimeambiwa kwamba kuna waliokivua bila sisi."

Watu waliacha kunywa.

"Kila Jumapili watoto wa marehemu wako uwanjani, wanaimba. Yule mdogo anapanda juu ya kiti na kupiga kelele. Sisemi kwa hasira. Nasema kwamba watoto hawa hawana mtu wa kuwaambia."

Nilisimama. Sijazoea kusema mbele ya watu wazima. Nikatoa kadi mfukoni. Nilimpa kwa mikono miwili, nikamwonyesha picha zetu na lile neno lililoandikwa juu. Nikasema, "Baba mkubwa, sisi ni familia. Wametuandika."

Aliigeuza. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa mtu wa dharau.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hii ni kadi ya mpira."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengine, si kwa ubaya, ni vile watu wanavyocheka wakiwa na chupa mkononi. Baba mkubwa hakucheka. Alinirudishia kadi akasema mdogo wangu wa kiume ajue mlima wa baba yake, ataishi kwake, kuna ng'ombe na shule iko karibu. Shangazi, ambaye Mungu hakumpa mtoto, alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto wa kike anahitaji mama, na alipokuwa akisema alilia machozi ya kweli. Nami ningekaa nifanye kazi bila mzigo. "Ukipata nyumba yako na mke, njoo uwachukue. Hakuna atakayekukatalia."

Nikasema hapana. Nikasema tena. Nikasema wanakula, wanasoma, hawajawahi kulala njaa. Mzee mmoja wa jirani alinivuta kwa shati nikae. Neno likishatamkwa siku ya kuganduka mbele ya ukoo, haliwezi kurudishwa kinywani na kijana wa miaka yangu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. "Kaka," aliniuliza, "na mechi ya Jumapili?"

Mdogo wangu wa kiume alianza kukusanya chupa tupu na kuzipanga kwenye kreti, moja moja, kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa. Wiki haikuisha wakawa wameondoka.

Jumapili ile nilikwenda uwanjani. Sijui nilitaka nini. Mlinzi alitazama picha tatu na uso mmoja, akanipitisha. Mama wa mwavuli akageuka.

"Watoto iko wapi?"

"Watakuja."

Aliweka mkoba wake juu ya kiti kimoja na kanga juu ya kingine. Mtu alipokuja kutaka kukaa, alimfukuza: "Apa iko na watu!" Alifanya hivyo Jumapili nyingi, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia awaache watu wakae.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akinipigia wakati wa mapumziko kwa simu ya baba mkubwa. "Ngapi ngapi?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Nilikuwa nikiinua simu juu asikie uwanja. Nilimsikia akipumua upande wa pili. Kisha siku moja alisema, "Kaka, ngoja, ng'ombe wanaingia kwa shamba la mutu," akakata kabla sijamwambia matokeo. Jumapili iliyofuata hakupiga. Nilipompigia, alikuwa na mambo mengi ya kunieleza: ndama aliyezaliwa, rafiki yake mpya, jinsi wanavyokata majani. Hakuuliza ngapi ngapi, nami sikumwambia.

Sijutii Jumapili zile. Nimejiuliza mara nyingi, nikibeba majora, kama ningejua, je, ningewafungia nyumbani hadi kilio kivuliwe? Halafu nakumbuka mtoto aliyekaa miezi mingi bila kucheka. Nisingewafungia. Ningewapeleka tena, na ningewapoteza tena.

Msimu mpya ulipokaribia nilirudi ofisini. Nilikuwa nimeongeza chumba na kununua kitanda cha pili, nilitaka wadogo zangu waje hata kwa likizo, na nilitaka kadi iwe tayari inawangoja. Mama wa ofisi alinitambua.

"Lete watoto tupige picha mupya. Watoto wanabadilika, mulinzi atawakataa."

Mlimani ni mbali, nikaamua kuanza na Ruziba. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, mabasi yamelala, kwa hiyo nilitembea kwa miguu kufuata ziwa, na nilipofika jua lilikuwa juu. Uani kwa shangazi walikuwa wameanika ndagala juu ya nyavu. Msichana mrefu, mwenye gauni la bluu, alikuwa akiwageuza samaki na wenzake wawili, wote wakicheka. Alinyanyua kichwa, jua likiwa machoni mwake, akaona mtu amesimama mlangoni.

"Mama!" aliita ndani. "Kuna mugeni!"

Kwamba alimwita shangazi mama, nilikuwa nimejiandaa kulisikia. Lile neno la pili sikuwa nimejiandaa nalo. Alipopiga hatua mbili alinijua, akapiga yowe, akanirukia na mikono yake yenye harufu ya samaki, na shangazi akatoka akifuta uso, akasema mbona sikusema ninakuja, wangechinja kuku. Walinipa chakula kingi. Mtoto alikuwa amenenepa. Viatu vyake vya shule vilikuwa juu ya dirisha, vimepakwa rangi.

Nilimweleza habari ya picha. Nikamwambia ni Jumapili tu, nitamfuata mimi mwenyewe na kumrudisha. Alitazama ndagala.

"Jumapili tuko na kwaya, kaka. Mi ndiye naanzisha wimbo. Kama siko, wanaanza vibaya."

"Wanaanza vibaya namna gani?"

"Juu sana! Afu wanashindwa kufika." Akaniimbia kidogo, anionyeshe. Ilikuwa sauti ileile iliyomtaka mwamuzi anunue miwani, sasa ikiwa imepata mahali pa kukaa.

"Ni muzuri," nikasema.

Akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa uso wa mtu mzima anayemhurumia mtoto, "Na we, utaenda na nani?"

"Kule iko watu wengi. Siku hizi uwanja unajaa."

Shangazi alinifungia ndagala katika gazeti. Wote wawili walinisindikiza hadi njia kubwa, kama inavyotakiwa, na mtoto alinipungia mkono mpaka nilipopita kona.

Ijumaa nilikuwa mbele ya mama wa ofisi. Alitazama nyuma yangu, mlangoni, akangoja kidogo.

"Ya mutu moja?"

"Ya mutu moja."

"Iyo haina punguzo, mwanangu. Peke yako unalipa kushinda mulivyokuwa watatu."

Nikamwambia najua. Akavuta karatasi, akaniuliza nataka kukaa upande gani.